Kitufe Nisichokitaja

Jumatatu, 5 Juni

Idara ya hali ya hewa imetangaza leo kwamba msimu wa mvua umeingia rasmi Osaka. Mvua yenyewe ilianza Alhamisi bila kungoja ruhusa.

Leo pia barua pepe imestaafishwa. Tangu saa tatu asubuhi kila kitu kazini kinapita kwenye programu mpya iitwayo Kairan. Jina ni la ule ubao wa matangazo unaozungushwa nyumba hadi nyumba mtaani, kila mwenye nyumba akipiga muhuri kuonyesha amesoma. Umbeya ni ule ule, ila sasa hakuna haja ya kuvaa viatu.

Mkuu wa idara, Bwana Hatakeda, aliniita mezani kwake. Ni mtu wa tabasamu. Miaka mitatu sasa sijamsikia akisema hapana. Husema, "Mh, hilo gumu kidogo," na jambo linakufa hapo hapo.

"Bi Kuwabara, hiki kidude unakijua wewe."

"Nakijua kwa kubofyabofya tu, mkuu."

"Sisi hata kubofya hatujui. Basi kila Jumatatu utuandikie kidokezo kimoja, jinsi ya kukitumia. Na ukusanye matakwa ya watu, nani anatamani kiongezewe nini, tuwapelekee waliokitengeneza mwisho wa Julai." Akatazama karatasi ambayo haikuwa na kitu. "Mkataba wako unaisha lini vile?"

"Tarehe thelathini na moja Julai, mkuu."

"Aa. Zinagongana vizuri."

Kompyuta sikuisomea. Kabla ya kuja hapa kwenye kampuni ya mifuniko ya mabafu nilikuwa nafungasha vyakula vya kuku wa kukaanga kituo cha treni. Kila programu nimeijua kwa kugusa kitufe kimoja kimoja na kuandika kilichotokea, kama mtu anayeonja uyoga.

Kidokezo cha kwanza: "Ukitaka kumwambia mtu mmoja 'pole na kazi', hakikisha humwambii kila mtu. Tuko ishirini na wawili, na simu zote ishirini na mbili zinalia."

Jumatano, 7 Juni

Kairan imetukosesha adabu siku ya tatu tu.

Kwetu, ukiandikia watu wengi, majina yanapangwa kwa cheo. Mkurugenzi juu, kisha wakuu, kisha wengine, na chini kabisa sisi wa mikataba. Ukikosea mpangilio unaomba radhi, na wiki nzima unatembea ukiinamia kuta. Kairan haijui cheo. Yenyewe hupanga kwa mfuatano wa silabi zetu, unaoanza na a, i, u na kuishia karibu na wa. Mkurugenzi wetu anaitwa Wakui. Hatuna mtu wa a wala wa i. Tangazo rasmi la kwanza likatoka hivi: juu kabisa, Ukai. Wa tano, mimi. Chini kabisa, nyuma ya dereva wa gari la mizigo, Mkurugenzi.

Ukai ni Mzee Ukai Teizo, miaka hamsini na minane. Alikuwa mkuu wa mauzo hadi mauzo yalipopewa watu wenye magoti mazima. Sasa ana meza kando ya mashine ya fotokopi, hana wa kumtuma, na amebakiza miaka miwili kustaafu. Alisimama na ile sauti yake ya sokoni.

"Jamani, mashine imenipandisha cheo! Nimekuwa wa kwanza! Wakui, hebu leta chai!"

Ofisi nzima ilicheka, na haikuwa kwa adabu. Mkurugenzi alikuwa mlangoni, mwavuli unamtiririka. Naye akacheka, kwa midomo tu, na Hatakeda, aliyeliona hilo, akawa wa kwanza kunyamaza.

Mimi sikucheka. Si kwa ajili ya Mkurugenzi. Mwaka jana, mbele ya wageni kutoka Kobe, nilimsahihisha Mzee Ukai tarehe ya kupeleka mzigo. Nilikuwa sahihi. Alinitazama akasema, "Bi Mkataba, chai zimeisha." Tangu hapo hilo ndilo jina langu kwake. Bi Mkataba.

Matakwa ya kwanza yameingia. Mkurugenzi anataka majina yapangwe kwa cheo, na lake liwe na herufi kubwa kidogo. Idara ya fedha wanataka muhuri wa kompyuta uweze kuinama upande wa kushoto, kama tunavyouinamisha kwenye karatasi ili muhuri wa mdogo uonekane unamsujudia wa mkubwa. Shiori Konaka, msichana wa miaka ishirini na saba tunayetazamana mezani, anataka kitufe cha "nimeona lakini sijaona".

Alhamisi, 8 Juni

Mvua. Nimeomba radhi kwa watu kumi na saba ambao jina langu liliwatangulia.

Jumatatu, 12 Juni

Hatakeda aliniingiza chumba cha mikutano akafunga mlango kwa upole, kama mtu anayefunika chungu.

Alizunguka sana, nami nafupisha. Idara ipunguze mtu mmoja kabla ya Agosti. Mkurugenzi hakutaja jina. Aliuliza tu, siku ya Ijumaa, kama yule mzee mchekeshaji bado ana furaha hapa. Kwetu mtu wa ajira ya kudumu hafukuzwi. Anasaidiwa mpaka aone mwenyewe kwamba anatamani kuondoka, na akishaona anajaza fomu kwamba ni kwa sababu zake binafsi.

Kisha akauliza, kana kwamba ni habari nyingine, "Zile barua pepe za zamani, za miaka kumi na minne, zitahamiaje kwenye Kairan?"

Swali hilo nilikuwa nalingojea. Nilikuwa nimekipata kitufe Jumapili nyumbani, ukurasa wa tatu wa mipangilio, kimejificha chini kabisa: *Hamisha zote*. Nilikijaribu kwenye nakala. Barua elfu thelathini na moja, dakika sita. Kidokezo chake nilishakiandika kwenye Kairan, bado kukitangaza tu. Nilimweleza yote hayo kwa fahari ya mtoto aliyeng'oa jino.

"Hongera sana," akasema Hatakeda. "Na wanakijua wangapi?"

"Mimi tu, mkuu."

"Basi kipumzike kidogo." Tabasamu. "Mzee Ukai ana nafasi. Azihamishe kwa mkono, moja moja. Mtu hujifunza historia ya kampuni."

"Ni elfu thelathini na moja, mkuu."

"Mh. Nyingi kidogo."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilipinga. Niliuliza, "Rasimu ya kidokezo niifute?"

"Usifute kazi nzuri. Iache tu ikae."

Badala yake kidokezo cha wiki hii kilihusu kubadilisha rangi ya skrini.

Jumatano, 14 Juni

Nimemfundisha Mzee Ukai. Fungua barua, nakili, bandika, andika tarehe, andika mtumaji, chagua sanduku, hifadhi, thibitisha, funga. Kubofya mara tisa kwa kila barua.

"Tisa?" akasema. "Mke wangu alinikubali kwa chini ya hapo."

Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana nilikaribia kucheka. Nikakumbuka chai.

Ijumaa, 16 Juni

Mkuu alitamani hesabu ya Mzee Ukai ionekane na wote kwenye ukurasa wa mbele. Inawezekana. Nimeweka mstari unaojaa taratibu. Rangi ya kijani nimechagua mimi. Leo saa kumi na moja jioni: 655 kati ya 31,000. Konaka alipiga hesabu kwenye simu akatangaza kwamba atamaliza mwakani, kama vidole vitakuwepo.

Jumatatu, 19 Juni

Kairan huonyesha nani amesoma nini. Nilifungua orodha ya vidokezo vyangu nijue wasomaji wangu. Cha kwanza: mmoja. Cha pili: mmoja. Cha leo, cha tatu, saa tatu na dakika tano: mmoja. Ni Mzee Ukai mara zote tatu.

Saa nane alikuja mezani kwangu, miwani kichwani, na daftari. Ameandika vidokezo vyangu kwa mkono, kwa kalamu nyekundu, na kupigia mstari maneno muhimu.

"Samahani kidogo. Wewe ndiye mwalimu. Hii ya kuhamisha barua, hakuna njia fupi?"

Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Hatakeda alikuwa anasoma gazeti, au gazeti lilikuwa linamsoma yeye.

"Hakuna," nilisema.

"Basi," akasema. "Nilidhani tu. Wewe ungekuwa unaijua."

Alhamisi, 22 Juni

Watu wamemhama. Hakuna aliyetoa amri. Hatakeda alinitaka nimtoe kwenye kikundi cha mikutano ya Jumatano, nikamtoa. Mtu mwingine akaunda kikundi kipya cha chakula cha mchana, cha zamani kikaachwa na Mzee Ukai peke yake ndani. Jana aliandika humo: "Leo nani anakwenda kula tambi za soba?" Akangoja. Akajijibu mwenyewe: "Mimi."

Nilimuuliza Konaka kama hakuona ule ujumbe.

"Niliuona, dada. Lakini ukikaa karibu na jalala, hata ukioga mara mbili, watu wanakunusa." Akaangalia kucha zake. "Na mimi nina mkopo wa nyumba ya kulea paka."

Hana mkopo. Ana paka tu.

Kalenda ya Mzee Ukai, ambayo wote tunaiona, ilikuwa nyeupe tupu wiki nzima. Leo asubuhi nilikuta ameijaza. Saa tatu: kunoa penseli. Saa nne: mkutano na mashine ya fotokopi. Saa tano: mvua, kuikagua. Hatakeda alimwandikia mbele ya wote aeleze kwa maandishi matokeo ya ukaguzi huo. Mzee alijibu mbele ya wote kwamba mvua ipo.

Jumatatu, 26 Juni

Barua 3,120. Kidokezo cha nne: jinsi ya kuzibandika barua alama za rangi ili kuzikusanya baadaye. Msomaji mmoja.

Jumanne, 27 Juni

Mvua.

Alhamisi, 29 Juni

Leo Mzee Ukai alicheka peke yake, kando ya fotokopi, kwa muda mrefu. Vichwa vyote viliinuka na kuinama tena.

Nilipokwenda kutoa nakala nilichungulia skrini yake. Hahamishi tu. Anasoma. Chini ya kila barua ya mteja ameongeza maelezo yake mwenyewe: huyu ana watoto mapacha, huyu hapendi kupigiwa simu kabla ya saa nne, huyu tulimkosea mfuniko mwaka wa tsunami na hakulalamika, tunadaiwa shukrani. Na alama za rangi. Nyekundu ni mteja ambaye hakuna aliyemtafuta kwa miaka kumi. Kidokezo changu cha nne kiko pale kinafanya kazi kama punda.

"Bi Kuwabara," akasema bila kugeuka. Sikumbuki kama aliwahi kulitaja jina langu. "Unajua tuna wateja mia na kitu waliotuacha kwa sababu tu hakuna aliyewaambia habari za asubuhi?"

"Sikujua."

"Na mimi ndiye niliyekuwa mkuu wao." Akabandika nyekundu nyingine. "Nilikuwa nashughulika kuwa mkuu."

Jumatatu, 3 Julai

Amempigia mwenye nyumba ya wageni ya chemchemi za moto kule Arima. Nilimsikia: "Mzee mwenzangu, nimeisoma barua yako ya miaka kumi na mmoja iliyopita, nimekuja kuijibu." Ameagizwa mifuniko arobaini. Mchana akapigia makao ya wazee Wakayama. Mia na ishirini.

Mkurugenzi alibandika dole gumba kwenye taarifa hiyo. Hatakeda alilitazama dole gumba lile kama mtu anayetazama panya juu ya meza.

Jumatano, 5 Julai

Oda nyingine, Nara. Konaka amempelekea Mzee kahawa ya kopo. Aliiweka kwenye ncha ya meza na kukimbia, lakini aliipeleka.

Ijumaa, 7 Julai

Tanabata, sikukuu ya nyota. Kama kila mwaka, ofisi ya utawala, yaani mimi, imesimamisha tawi la mwanzi mapokezi, na kila mtu anaandika tamaa yake kwenye kipande cha karatasi ya rangi na kukining'iniza. Konaka alisema kwa kuwa nakusanya matakwa ya Kairan na hakuna anayejaza fomu, mwaka huu watu watamani programu badala ya afya na ndoa. Mkurugenzi akaona ni ubunifu.

Jioni niliushusha mwanzi nikasoma vyote, kimoja kimoja. "Ujumbe wa bosi usionyeshe kwamba nimeusoma." "Mkutano wa kwenye skrini ufungwe wenyewe, tuache kuinamiana dakika tatu kila mmoja akingoja mwenzake atoke kwanza." "Nisipojibu, ijijibu." Hatakeda: "Maelewano." Mkurugenzi, kwenye karatasi ya dhahabu: "Herufi kubwa zaidi."

Cha Mzee Ukai kilikuwa cha kijani, kwa kalamu ya brashi, mwandiko wa mtu aliyechapwa shuleni hadi ukanyooka:

"Kiwepo kitufe kimoja cha kuhamisha barua zote kwa pamoja. Mimi sikihitaji, nimeshazoea na nafurahi. Ni kwa ajili ya atakayepewa kazi hii baada yangu."

Nilisimama mapokezi nacho mkononi. Mlinzi aliniuliza kama tamaa yangu imekubaliwa.

Vipande ishirini na kimoja niliviandika kwenye fomu ya matakwa. Hicho kimoja nilikitupa pamoja na majani.

Jumatatu, 10 Julai

Hatakeda amenifungia mlango tena. Alikuwa na uso wa mtu aliyemmwagia jirani maji machafu na kuona maua yanaota.

"Mzee amechangamka."

"Ndiyo, mkuu. Oda tano sasa."

"Inapendeza. Lakini inachanganya." Akapanga kalamu zake. "Mkurugenzi ameniuliza kama lile suala la mtu mmoja liko pale pale. Nikasema liko pale pale. Likiwa haliko pale pale, Bi Kuwabara, basi linahama. Na kwa mikataba huwa linahama kirahisi, maana mkataba haumfukuzi mtu, unaisha tu."

Nilizihesabu zile kalamu.

"Kile kitufe kimepumzika vya kutosha. Ijumaa, kwenye mkutano wa wote, kwenye skrini kubwa. Utuonyeshe."

Alhamisi, 13 Julai

Nimejaribu tena kwenye nakala. Kitufe kinatoa onyo: barua zilizohamishwa kwa mkono zitafutwa pamoja na maelezo yake, kisha zote ziwekwe upya. Maana yake maelezo yote ya Mzee. Mapacha, saa nne, mwaka wa tsunami, alama nyekundu.

Kuyahifadhi pembeni kwanza ni dakika mbili. Naijua njia yake. Sikuambiwa niyahifadhi.

Nimeandika "sikuambiwa" na nimelitazama neno hilo muda mrefu. Nina miaka arobaini na sita. Kule kituoni mafuta ya kuku yalikuwa yanaingia hadi kwenye nywele, na msimamizi alikuwa na miaka kumi na tisa.

Ijumaa, 14 Julai

Mvua kubwa kuliko zote, treni mbili zilichelewa, lakini saa nne wote ishirini na wawili tulikuwepo. Mzee Ukai alialikwa. Alikuwa hajaalikwa mkutano wowote kwa wiki tatu. Alivaa tai. Alikuwa na karatasi, na baadaye nilielewa kwamba alidhani ameitwa kueleza zile oda.

Hatakeda alimsimamisha. "Kwanza tumshukuru Mzee Ukai. Mwezi mzima, barua moja moja. Tumefikia ngapi, Mzee?"

"Elfu nane, mia moja na kumi na nne." Alifungua karatasi yake. "Na katika hizo, wateja ambao…"

"Makofi!" Tukapiga makofi. "Sasa Bi Kuwabara ana kitu kidogo cha kumpumzisha. Karibu, Bi Kuwabara."

Nilikwenda mbele. Ukurasa wa tatu wa mipangilio, chini kabisa. Nilibofya. Onyo lilitokea ukutani, herufi ndefu kama mtu: *Barua zilizohamishwa kwa mkono zitafutwa pamoja na maelezo yake. Endelea?*

Kila mtu alilisoma. Mzee alilisoma kwa sauti ya chini, kama anavyosoma vidokezo vyangu, akivua miwani.

"Ngoja kidogo," akasema. "Maelezo yapi?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya. Ningeweza kusema, mkuu, dakika mbili tu. Maneno ni machache hata kwa Kijapani.

"Endelea, Bi Kuwabara," akasema Hatakeda kwa upole.

Nikabofya.

Mstari wa kijani ulirudi sifuri, kisha ukaanza kujaa. Dakika sita ni ndefu sana kwa watu ishirini na wawili. Mtu alikohoa. Dakika ya nne Mkurugenzi aliangalia saa akasema, "Ajabu," kwa heshima ya kweli, kwa mashine. Konaka alikuwa anatazama sakafu. Mzee Ukai hakukaa. Alitazama mstari mpaka mwisho, karatasi yake mkononi, na ulipojaa, Kairan ikarusha picha za vijikaratasi vya sherehe skrini nzima. Hilo sikulipanga mimi. Huja lenyewe.

"Kitufe hiki kimekuja lini?" akauliza.

"Teknolojia inakimbia, Mzee," akasema Hatakeda. "Sisi tunakokotwa tu."

Mzee alinigeukia mimi. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu. "Ni cha toleo jipya, eti, Bi Kuwabara? Mwezi uliopita hakikuwepo. Nilikuuliza."

Alikuwa ananipa mlango. Naamini hivyo hadi sasa. Alitaka niingie.

"Ndiyo," nilisema. "Toleo jipya. La wiki hii."

"Aa." Akakunja karatasi mara nne. "Basi bahati ya atakayekuja."

Makofi tena.

Jumanne, 18 Julai

Jana ilikuwa sikukuu, kwa hiyo kidokezo kimetoka leo. Hatakeda alitaka kiwe cha kitufe, ili kazi ionekane imefungwa. Rasimu ilikuwepo tayari, nzuri, sikuona haja ya kuiandika upya. Saa tatu kamili niliitangaza.

Saa tatu na dakika nne Mzee Ukai aliisoma. Ndipo nilipoona kitu ambacho, pamoja na kubofya kwangu kote, sikuwahi kukiona, kwa sababu sijawahi kuiacha rasimu ikakaa zaidi ya siku. Chini ya kila tangazo Kairan huweka tarehe mbili, kwa herufi ndogo za kijivu. *Limeandikwa: 11 Juni. Limetangazwa: 18 Julai.*

Niliondoa tangazo saa tatu na dakika sita. Msomaji mmoja.

Saa tatu na dakika tisa jibu lilikuja kwangu peke yangu, kwa lugha ile ya heshima tunayowaandikia wateja wa nje: "Nimepokea. Nashukuru kwa mafunzo."

Alikuwa mita saba kutoka kwangu. Niliona shingo yake ya nyuma siku nzima. Hakufungua barua hata moja. Saa nane simu yake ililia na nilimsikia akisema, "Samahani, jina lako? Nilikuwa nimeliandika mahali."

Alhamisi, 20 Julai

Wametangaza msimu wa mvua umekwisha. Jua limetoka kama mtu aliyechelewa kazini, kwa kelele.

Mzee Ukai alimpelekea Hatakeda barua ya kuacha kazi kwa mkono, kwa brashi, ndani ya bahasha nyeupe, mikono miwili, kama inavyopasa. Hatakeda aliipokea kwa mikono miwili, akasikitika muda unaofaa, akamrudishia.

"Siku hizi inapita Kairan, Mzee. Bi Kuwabara atakusaidia fomu."

Akaja kukaa pembeni yangu. Fomu niliitengeneza mimi mwezi wa sita, kwa maelekezo. Penye "Sababu" kuna orodha ya kuchagua.

"Iko moja tu," akasema.

"Ndiyo. Sababu binafsi."

"Haina 'nyinginezo'?"

"Haina."

"Hilo ni la kuweka kwenye matakwa," akasema, na akabofya. Fomu ilipita kwa Hatakeda, kwa utawala, kwa Mkurugenzi. Dakika kumi na moja, wote wameidhinisha. Hakuna kitu kimewahi kwenda mbio hivyo kwenye kampuni hii.

Jumatatu, 24 Julai

Mzee Ukai anamalizia siku zake za likizo. Nyumba ya wageni ya Arima wamepiga kuuliza yuko wapi. Konaka aliwaambia ametoka kidogo. Wakasema watapiga akirudi.

Ijumaa, 28 Julai

Joto. Hakuna kidokezo. Hakuna aliyeuliza.

Jumatatu, 31 Julai

Mtu anayeondoka hupita meza kwa meza na boksi la vitafunwa, kila kimoja kimefungwa peke yake, anainama, anasema ametutaabisha muda mrefu, nasi tunakataa, tunasema hakututaabisha, tunapokea. Ukimruka mtu, umemtukana mbele ya wote.

Mzee Ukai alianza saa tisa. Keki za chai ya kijani kutoka duka la karibu na kituo, lile la foleni. Mkurugenzi kwanza, kisha Hatakeda, kisha kushuka, kwa cheo, bila kukosea hata mmoja. Konaka alianza kulia kabla hajafikiwa. Mzee akamwambia, "Usilie, paka atadhani umefilisika," na Konaka akalia zaidi huku akicheka.

Wa mikataba ni wa mwisho. Alisimama mbele yangu. Niliinuka. Niliinama kabla yake, chini kuliko inavyotakiwa, na nikakaa huko chini kwa sababu kulikuwa na sakafu tu.

"Bi Kuwabara. Vidokezo vyako vilikuwa vizuri. Cha nne hasa."

Nilipoinuka alikuwa ameweka keki mbili juu ya kibodi yangu.

"Mzee, kila mtu ni moja."

"Moja ni yako," alisema, kwa ile sauti ya sokoni, ili hata fotokopi isikie. "Moja ya kitufe. Maana nimekaa nikifikiri wiki mbili, na nimeshindwa kujua ni yupi kati yenu aliyenibofya."

Walicheka. Ofisi yetu humcheka anayestahili na asiyestahili, ni mazoea. Mkurugenzi naye alicheka, safari hii hadi machoni. Mzee Ukai aliinama, akachukua mwavuli ambao hakuuhitaji tena, na kuteremka ngazi.

Saa kumi Hatakeda aliniletea mkataba mezani. Mwaka mmoja mzima. Aliomba samahani kwamba si zaidi, nikamshukuru, nikapiga muhuri, na mkono wenyewe ukauinamisha upande wa kushoto.

Keki nilizila zote mbili. Ni nzuri sana, si tamu kupita kiasi. Ya pili niliila haraka, nimegeukia ukuta, kwa sababu Konaka alikuwa anaitazama.